Spindeli haisikii kompyuta: jinsi ya kutafuta chanzo cha tatizo kwenye rauta ya CNC

Fundi wa Lamu anayechonga nakshi za mlango wa mbambakofi kwa rauta ya CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) hujua mapema kwamba kasi ya spindeli, mota inayozungusha biti, si jambo la kukisia. Biti ya meno mawili ikizunguka 18,000 kwa dakika na mashine ikisogea milimita 3,600 kwa dakika, kila jino hung'oa milimita 0.1. Acha spindeli ipande hadi 24,000, kisha punguza mwendo hadi 1,200, na kila jino litabakiwa na milimita 0.025. Hapo biti haikati tena, inasugua. Mbao inaungua kingo, biti inageuka rangi ya samawati, na ukali wake umekwisha kabla ya ua la kwanza kumalizika. Ndiyo sababu inafaa kasi iwekwe na faili lenyewe, badala ya mkono wa mtu kwenye kitufe cha VFD, kifaa kinachoendesha spindeli kwa kubadilisha masafa (Hz) ya stima.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mpangilio unaopatikana zaidi: bodi ya Arduino Uno yenye Grbl 1.1 (programu inayosoma faili na kuongoza mashine), moduli ya kubadilisha PWM (mapigo ya umeme yanayobeba kasi) kuwa volti 0 hadi 10, VFD ya Huanyang aina ya HY, na spindeli ya kilowati 2.2 yenye 400 Hz. Mwenye VFD ya aina nyingine atakuta namba za parameta (mipangilio ya ndani ya VFD, kama PD001) zimebadilika, lakini njia ya kutafuta ni ile ile.

Kompyuta huipa VFD maagizo mawili, nayo hupita njia tofauti. La kwanza ni "zunguka" au "simama", linalopita kwenye relei hadi terminali FOR. La pili ni "kasi kiasi gani", linalopita kwenye PWM na moduli hadi terminali VI. Wengi huyachanganya haya mawili, wakabadilisha parameta kumi kwa mara moja, na mwisho hawajui walipoanzia. Ushauri wetu mkuu ni huu: anzia kwenye spindeli urudi nyuma kuelekea kompyuta, na usipige hatua mpaka iliyotangulia iwe imefanya kazi.

Kabla ya kufungua kifuniko cha VFD, zima breka ya stima, subiri dakika 10, kisha pima volti za DC ndani. Stima ya volti 240 ikishageuzwa hukaa kwenye kapasita kama volti 340 hivi, na taa ya skrini kuzimika si ushahidi kwamba zimeisha.

Jaribio la kwanza: VFD peke yake

Ondoa nyaya zote za FOR na VI. Weka PD001 = 0 na PD002 = 0, ili VFD itii vitufe vyake yenyewe. Kisha hakikisha hizi:

PD005 (masafa ya juu kabisa) = 400, halafu PD004 (masafa ambayo volti hufika kiwango cha juu) = 400. Fuata mpangilio huo, kwa maana PD004 hukataa kupita kiwango cha PD005.
PD008 = 220.
PD011 = 100. Hicho ndicho kima cha chini, sawa na mizunguko 6,000. Spindeli inayopozwa na feni iliyo kwenye mhimili wake huhitaji zaidi ya hapo. Soma kibandiko chake.
PD141 = 220, na PD142 ni ampea zilizoandikwa kwenye spindeli.
PD143 = 2 na PD144 = 3000.

PD004 ndiyo ya kuangaliwa mara mbili. Ikibaki 50, VFD itaisukumia spindeli volti zote 220 ikiwa bado 50 Hz, wakati spindeli ya 400 Hz hustahili sehemu ndogo tu ya volti hizo kwa kasi hiyo. Mkondo hupanda sana, spindeli inanguruma, na ukiendelea, koili zinaungua. Hakuna kosa la parameta linaloua spindeli kwa haraka kama hili.

PD143 na PD144 haziigusi kasi yenyewe. Ni za skrini tu: 3000 kwa 50 Hz huonyeshwa 24,000 kwa 400 Hz. Skrini ikionyesha 11,000 na mlio wa spindeli ni wa kasi kamili, tazama hapo kabla ya kulaumu kitu kingine.

Ukiiwasha, itazame kutoka juu: lazima izunguke mwendo wa saa. Ikizunguka kinyume, badilishana waya mbili kati ya U, V na W. Kubadilisha waya za kuingizia stima hakusaidii chochote.

Jaribio la pili: amri ya kuzunguka

Weka PD001 = 1, acha PD002 = 0, na uchague kasi kwa vitufe. Unganisha FOR na DCM kwa kipande cha waya. Spindeli lazima ianze, na ukikitoa isimame. Isipoanza, angalia PD044 = 02. Usitumie ACM badala ya DCM. ACM ni ya upande wa analogi.

Jaribio la tatu: kasi kwa betri

Hili ndilo jaribio tunalolipenda kuliko yote, kwa kuwa linaitoa kompyuta kabisa kwenye kesi. Weka PD002 = 1, PD070 = 0, PD072 = 400 (masafa ya volti 10), PD073 = 0 (masafa ya volti 0). Chukua betri ya volti 9, chanya kwenye VI na hasi kwenye ACM. Unganisha FOR na DCM. Betri yenye volti 9.0 itatoa 360 Hz, yaani mizunguko 21,600. Betri mbili za volti 1.5 zilizofuatana hutoa 120 Hz, yaani 7,200. Pima betri kwanza kwa multimita, kwa sababu mpya huwa juu kidogo ya 9.

Ikiwa kwa betri ya volti 9 kasi imegonga 400 Hz, PD070 imewekwa 1, ambayo ni ya volti 0 hadi 5. Ikiwa kasi haibadiliki kabisa, tafuta jampa (kiunganishi kidogo cha kuchomeka) kwenye bodi ya VFD inayochagua kati ya kitufe cha kuzungusha cha paneli na terminali VI. Baadhi ya HY zina jampa hiyo karibu na terminali. Jaribio hili likifaulu, VFD yako haina hatia. Kinachobaki kipo kati ya VI na faili.

Spindeli haizunguki kwa M3, lakini inazunguka kwa M4

Hili huwachanganya wengi. M3 ni amri ya faili ya kuzunguka mwendo wa saa, M4 ni ya kuzunguka kinyume. Grbl 1.1 kama inavyokuja hutumia pini D13 kwa mwelekeo, si kwa kuwasha. Kwa M3 pini hiyo hukaa chini, kwa M4 hupanda. Relei iliyofungwa D13 basi huamka kwa M4 tu. Dawa ni kufungua faili la config.h, kuwasha chaguo la USE_SPINDLE_DIR_AS_ENABLE_PIN kwa kuondoa alama mbili za mkwaju mwanzoni mwa mstari, kisha kuipakia Grbl upya. Baada ya hapo D13 inakuwa ya kuwasha na kuzima. Usiikwepe dawa hii kwa kuandika M4 kwenye kila faili. Siku faili la mtu mwingine litakapoingia, spindeli itakaa kimya huku biti ikiingizwa ndani ya mbao.

D13 ina tabia nyingine ya kujua: Uno ikiwashwa au ikiunganishwa upya na kompyuta, pini hiyo humeta kwa muda mfupi. Relei inasikika ikigonga, na VFD yenye stima inaweza kuitikia kwa kuisukuma spindeli kidogo. Washa bodi kwanza, VFD baadaye, na usiwe na mkono kwenye koleti (kishikio cha biti) wakati kompyuta inaunganishwa.

Spindeli inazunguka, ila namba ya S haina athari

S ndiyo kasi iliyoagizwa ndani ya faili. Pima pini D11 dhidi ya GND ya Uno kwa multimita ikiwa kwenye DC. Kwa M3 S24000 inapaswa kusoma karibu volti 5, kwa S12000 karibu 2.5.

Ikiwa hakuna kitu, huenda waya uko pini isiyo yake. Bodi ya juu inayouzwa kwa jina la CNC Shield V3 iliandikwa kwa mpangilio wa Grbl ya zamani. Kwa Grbl 1.1, PWM hutoka D11, ambayo kwenye bodi hiyo imeandikwa kama swichi ya mwisho ya Z, na swichi ya Z yenyewe inapaswa kuhamia palipoandikwa SpnEn, ambapo ni D12. Maandishi ya bodi hayafuati tena programu. Fuata pini.

Ikiwa D11 husoma volti 5 kwa S yoyote ile, tatizo ni $30, mpangilio wa Grbl wa kasi ya juu. Grbl huja na $30=1000, kwa hiyo S6000 na S18000 zote ni zaidi ya kikomo, na zote hupata kasi kamili. Andika $30=24000.

Kasi ipo, lakini si ile iliyoagizwa

Kwanza sawazisha moduli. Unganisha stima yake ya volti 24, hasi ya kutokea kwenye ACM, chanya kwenye VI. Andika M3 S12000 na uzungushe kiskrubu chake kidogo kwa bisibisi nyembamba mpaka kati ya VI na ACM upate volti 5.00. Kisha jaribu S18000, ambayo ni 7.5, na S24000, ambayo ni 10. Ikiwa chini inalingana na juu inakwama kwenye 7 au 8, moduli haipati volti za kutosha. Adapta ya volti 9 haiwezi kuzaa 10. Tumia 24. Wala usiilishe moduli kutoka terminali 10V ya VFD. Hiyo ni ya kitufe cha kuzungusha, mkondo wake ni mdogo.

Ikiwa spindeli haipiti 12,000, tazama kama pini ya Uno imepelekwa moja kwa moja VI bila moduli. Volti 5 kwenye kipimo cha 0 hadi 10 ni nusu tu. Kugeuza PD070 kuwa 1 kutapandisha kasi, lakini PWM isiyochujwa ni mapigo, na masafa yatachezacheza. Nunua moduli.

Kisha kuna kosa la $31 (mpangilio wa kasi ya chini), ambalo ni la kimya na kwa hiyo hudumu. Mtu huweka $31=6000 akifikiri anailinda spindeli isizunguke polepole. Grbl nayo hutafsiri hivi: 6,000 ndiyo mwanzo wa kipimo, karibu volti 0. S15000 basi huwa nusu ya njia kati ya 6,000 na 24,000, hutoa volti 5, na VFD yenye PD073 = 0 huisoma kama 200 Hz, yaani 12,000. Umeagiza 15,000, umepata 12,000, na kila kitu kinaonekana kizima. Tofauti hupungua unavyopanda, hadi 24,000 ambapo kila kitu kinakubaliana. Ndiyo maana anayepima kasi ya juu tu hawezi kuliona kosa. Ama weka $31=0 pamoja na PD073 = 0, ama $31=6000 pamoja na PD073 = 100. Sisi tunapendelea ya kwanza, na kazi ya kulinda kima cha chini iachiwe PD011.

Kasi hushuka kila mashine inaporuka kutoka sehemu moja hadi nyingine

$32=1. Hiyo ni hali ya leza. Ndani yake Grbl hukata PWM wakati wa G0 (mwendo wa kuruka bila kukata), jambo zuri kwa leza na baya kwa spindeli, maana biti hurudi kwenye mbao ikiwa imepunguza kasi. Andika $32=0. Karakana inayobadilishana leza na spindeli kwenye mashine moja ibandike ukumbusho huu mahali unapoonekana.

Biti inaingia kabla spindeli haijafika kasi

Grbl haijui spindeli imefikia wapi. PD014 (muda wa kupandisha kasi) ikiwa sekunde 8, baada ya M3 S18000 faili liwe na G4 P9, amri ya kusubiri. Kwenye Grbl, P ni sekunde. Kwenye programu nyingine inaweza kuwa milisekunde, hivyo hakikisha, kwani P9 ya milisekunde ni sawa na kutosubiri. Weka mstari huo ndani ya posti (kiolezo kinachoandika faili) ya programu yako ya kuchora njia, usitegemee kukumbuka kuuandika.

Kasi inayumba, bodi inajizima, USB inakatika

Haya hutokana na kelele za umeme. VFD hukatakata stima maelfu ya mara kwa sekunde, na waya wa spindeli hugeuka antena. Dalili ya kwanza ni skrini ya VFD kucheza 2 au 3 Hz juu na chini. Ya pili ni swichi za mwisho kujifyatua bila kuguswa. Ya tatu ni kompyuta kuipoteza bodi mara tu spindeli inapoanza.

Anza na ardhi. Pima kwa multimita, stima ikiwa imezimwa, kati ya pini ya nne ya plagi ya spindeli na mwili wake wa chuma. Spindeli nyingi za bei nafuu zina pini hiyo lakini ndani haijaunganishwa na chochote. Multimita isipoonyesha muunganiko, spindeli yako inaning'inia bila ardhi hata kama waya umefika. Fungua kifuniko cha plagi uunganishe, au funga waya wa ardhi kwenye mwili wa spindeli moja kwa moja. Hili ni la usalama wa mtu kabla ya kuwa la kelele.

Ardhi ya jengo nayo ipimwe na fundi wa stima mwenye kifaa chake. Mchanga mkavu hupitisha umeme vibaya, na nguzo fupi iliyokitwa juu juu kwenye mchanga, Shela ya Lamu au penginepo, inaweza kuwa ya jina tu. Nguzo inatakiwa ifike penye unyevu.

Waya wa U, V, W uwe wenye ganda la chuma, ganda lifungwe ardhini upande wa VFD. Waya wa VI na ACM uwe wa jozi iliyosokotwa yenye ganda, ganda lifungwe upande mmoja tu. Tenganisha njia za nyaya hizo mbili angalau sentimita 20, na zikilazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba. Chagua moduli na relei zenye kutenganisha kwa optokapla (kipitisha ishara kwa mwanga), ili ACM ya VFD isishikamane na GND ya kompyuta. Kama masafa bado yanacheza baada ya hayo yote, ongeza PD071, ambayo huchuja ishara ya analogi, ukijua kwamba ukiipandisha sana kasi itachelewa kuitikia. Kuipandisha bila kurekebisha ardhi ni kuficha dalili.

RCD (swichi inayokata stima umeme ukivuja) ya kawaida ya 30 mA ikikatika kila VFD inapowashwa, dawa si kuung'oa waya wa ardhi. VFD huvujisha mkondo kidogo kwa maumbile yake. Ipe laini yake na RCD inayofaa VFD.

VFD yenyewe inaonyesha kosa

Herufi zikiwa na OC, mkondo umezidi. Kama ni wakati wa kuanza, ongeza PD014, kagua PD004 tena, na uzungushe mhimili kwa mkono, VFD ikiwa imezimwa kwenye breka, usikilize beringi.

OU wakati wa kusimama ni PD015 (muda wa kupunguza kasi) fupi mno. Spindeli inayopunguzwa haraka hurudisha nguvu kwenye kapasita na volti hupanda. Ipe sekunde 8 hadi 10, au weka PD026 = 1 isimame yenyewe taratibu.

LU ni volti kushuka, na hapa ekstensheni hushtakiwa kwa haki. Mita 50 za waya wa milimita mraba 1.5, kwenda na kurudi, ni kama omu 1.2. Kwa ampea 10 hupoteza volti 12, na kwa 20 hupoteza 24. Waya wa milimita mraba 4 hupoteza chini ya nusu ya hizo. VFD ya kilowati 2.2 kwa fezi moja inaweza kuvuta ampea zaidi ya 20 ikibebeshwa mzigo wote, kwa hiyo plagi ya ampea 13 si mahali pake. Pima volti kwenye terminali za kuingizia wakati biti inakata, si wakati mashine imepumzika.

Stima ikikatika na kurudi, FOR iliyobaki imefungwa inaweza kuiamsha spindeli mbele ya mtu anayebadilisha biti. Pitisha stima ya VFD kwenye kontakta ya kujishikilia, ambayo ikikosa stima huachia na haishiki tena mpaka kitufe kibonyezwe.

Ilifanya kazi mwaka mzima, sasa inakosea

Ukiwa mita chache kutoka baharini, fikiria kutu kabla ya kufikiria parameta. Hewa ya chumvi hula nyuzi za shaba ndani ya terminali, muunganiko unapata ukinzani, na volti 7.5 zinazotoka kwenye moduli zinafika VI zikiwa 7.1. Pima ncha zote mbili za waya ule ule. Tofauti ikizidi 0.05, kata ncha, vua upya, bana kishikizo cha ncha (ferrule) cha shaba kilichopakwa bati, kaza. Vumbi laini la mbao likichanganyika na unyevu wa kusi hushika kwenye bodi na kuvujisha umeme. VFD ikae kwenye sanduku lenye feni na kichujio, mbali na kinyonya vumbi, na isafishwe kwa brashi laini baada ya kapasita kuisha umeme. Hewa ya kompresa isiyokaushwa hupuliza maji ndani.

Kama umechagua RS485 badala ya volti

Njia hii hutuma kasi kama ujumbe wa kidijitali kwa waya mbili; haina moduli wala kuyumba, na kwa LinuxCNC, grblHAL au FluidNC (programu nyingine za kuongoza mashine) tunaiona bora. PD001 = 2, PD002 = 2, PD163 = 1, PD164 = 1 kwa 9600, PD165 = 3. Ikikaa kimya, badilishana RS+ na RS- kwanza, kwa kuwa watengenezaji hawakubaliani A ni ipi na B ni ipi. Ikibaki kimya, tazama umechagua dereva gani: HY haifuati Modbus (lugha ya mawasiliano ya vifaa) ya kawaida, na dereva wa jumla hataelewana nayo kamwe. LinuxCNC ina hy_vfd kwa kazi hiyo. Kwa grblHAL na FluidNC chagua Huanyang yenyewe kwenye orodha ya spindeli.